Siku Naftaly Alipoachilia Gunia

Kama uliwahi kula chipsi mjini Nakuru siku zile za 2007 na 2008, basi huenda viazi vyako vilipita juu ya bega la Naftaly. Nasema bega lenyewe, la kulia, lililokuwa limeota sugu nyeusi kama soli ya kiatu pale gunia lilipozoea kukaa. Naftaly alikuwa mpakiaji wa malori ya viazi huko Molo. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na minane bila bega kumwambia kitu.

Kabla sijaendelea, lazima niwaeleze gunia la Molo, maana wengine wenu mnaliona sokoni likiwa limekwisha kufunguliwa. Gunia hilo likijaa hadi mdomoni halishonwi. Linaongezewa wavu juu, na wavu nao unajazwa viazi, hadi unaona gunia limevaa kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Broka, yaani dalali wa viazi anayetoka mjini, analihesabu kama gunia moja, lakini mgongo wa mtu unajua ni moja na nusu. Wapakiaji wawili wanakunyanyulia, wewe unaingia chini yake, unanyoosha mkono juu ya kichwa na kushika sikio la gunia, kisha unapanda ubao mrefu ulioegemezwa kwenye lori. Mkono ule ulio juu ndio usukani. Ukiuteremsha, gunia linakwenda linakotaka.

Sasa, wapakiaji wa Molo walikuwa na jambo moja waliloliheshimu kuliko saa ya chakula: gunia haliangushwi. Unaweza kuchelewa, unaweza kutukana, unaweza hata kuja na harufu ya pombe ya jana. Lakini gunia likipasuka na viazi vikaingia matopeni, jina lako limekwisha. Alikuwepo mmoja wao, Jamleck, mtu mpole wa maneno machache, ambaye mwaka 2002 aliteleza kwenye ubao akalirusha gunia kando ili asianguke nalo. Viazi vilimwagika hadi mlangoni kwa muuza chai. Na nani alikuwa amesimama juu ya lori akitazama? Naftaly. Ndiye aliyepaza sauti: "Mwaga! Jamani, njooni mumwone Mwaga!" Kikundi kizima kilicheka. Jina likashika kama gundi. Miaka sita baadaye Jamleck alikuwa bado Mwaga, na kijana wake shuleni akawa Mwaga Mdogo. Naftaly hakuwahi kulifikiria hilo mara mbili. Lilikuwa mchezo tu.

Halafu ikaja Januari ya 2008. Mnaijua, ile ya ghasia za baada ya uchaguzi, sina haja ya kuwarudisha huko. Soko lilifungwa, malori yakakoma, na kikundi kile cha watu kumi na wawili kikatawanyika. Omolo, aliyekuwa mkubwa wao, aliondoka na blanketi na redio. Wengine walilala kwenye hema mjini Nakuru. Kibanda cha mitumba cha Wangare, mke wa Naftaly, kilibaki mabati mawili na msumari. Kufikia Mei wapakiaji wanane walikuwa wamerudi, Omolo akiwa miongoni mwao. Hawakusemezana mengi. Walisalimiana, wakaukagua ubao kama umeoza, wakaanza kupakia. Nyumbani kwa Naftaly mwaka ule hapakuwa na kibanda, hapakuwa na akiba, palikuwa na bega. Chakula, karo ya binti yao Abby, kodi ya nyumba, vyote vilikuwa vinalitazama hilo bega moja.

Nalo likatoka mwezi wa Juni.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, mvua ile ya Molo inayoanguka kama inaogopa kukuamsha. Ubao ulikuwa umepakwa matope na nyayo za watu wanane. Naftaly alifika katikati na lumbesa mgongoni, kisigino kikateleza. Hapo ndipo mtu yeyote wa mahali pengine angeachilia. Yeye hakuachilia. Kichwani mwake, mwenyewe alisema baadaye, lilipita neno moja tu: Mwaga. Akakaza vidole kwenye sikio la gunia. Gunia likaenda nyuma, mkono ukaenda na gunia, na mwili ukabaki. Wenzake walisikia mlio kama wa kijiti kibichi kikivunjwa.

"Imetoka!" Omolo alipiga kelele. "Mshikeni, msimwache aanguke!"

"Viazi?" Naftaly aliuliza, uso wake ukiwa na rangi ya majivu.

"Viazi viko, wewe mtu! Ni bega haiko!"

Wakamlaza kwenye magunia matupu. Mmoja wao alidai amewahi kuona inavyofanywa, akavua kiatu, akaweka mguu kwenye kwapa la mgonjwa na kuvuta. Bega likarudi. Walipiga makofi. Wakamnunulia chai na mandazi mawili, na baada ya siku tatu Naftaly alikuwa tena kwenye ubao, akitabasamu kwa meno yaliyoumana.

Wiki ya pili, asubuhi, alikuwa akivaa sweta. Nasema sweta tu! Aliinua mkono kuupitisha kwenye mkono wa sweta, bega likatoka tena, polepole, kama mtu anayetoka kanisani mahubiri yakiendelea. Wangare alimkuta amekaa kitandani, sweta nusu kichwani, machozi yakimtoka.

"Baba Abby, mbona unalia ndani ya sweta?"

"Mama Abby, usiniguse. Niitie lori lolote linaloenda Nakuru."

Hivyo ndivyo alivyofika hospitalini, ameketi kando ya dereva wa viazi, mkono ameulaza kwenye mapaja kama mtoto wa mwenyewe. Daktari alilirudisha bega taratibu, akampiga picha, akamfunga kitambaa shingoni, kisha akampeleka chumba cha mwisho kwenye korido, kwa mwanamke aitwaye Chepkurui, mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Nataka mkumbuke mwaka wenyewe. Siku zile watu walikuwa wakisikiliza jina lako, wajue kabila, kabla ya kusikiliza shida yako. Naftaly alikaa kwenye benchi akisoma lile jina mlangoni, naye akijua lake limeandikwa kwenye faili. Alikuwa amejiandaa kwa lolote. Chepkurui akafungua faili, akafunga, akauliza: "Bega gani?"

Basi. Hilo ndilo alilotaka kujua. Naftaly alikuwa akilisimulia jambo hili hadi miezi mingi baadaye.

"La kulia, daktari," alijibu.

"Mimi si daktari. Daktari amelirudisha, mimi kazi yangu ni kulifundisha kukaa. Mara ya kwanza nani alilirudisha?"

"Wenzangu."

"Kwa kutumia nini?"

"Kwa mguu."

Chepkurui aliweka kalamu mezani. "Mzee, hapo kwapani kuna mishipa ya damu na ya fahamu, yote imebanana kama abiria. Wangeukata mmoja, leo mkono huu ungekuwa unaning'inia tu. Umshukuru Mungu wako. Siku nyingine likitoka, mnalifunga jinsi lilivyo, mnakuja. Hakuna kuvuta."

"Siku nyingine?"

"Ndiyo. Bega likishajua njia ya kutoka, ni kama mbuzi aliyeona tundu kwenye ua. Kila siku atalijaribu." Akamwonyesha kwa vidole vyake jinsi mfupa wa mkono unavyokaa kwenye kikombe kidogo, na jinsi nyama zilizouzunguka ndizo zinazoushikilia. "Wiki tatu kitambaa shingoni. Baadaye mazoezi, kila siku. Kubeba, ngoja mpaka Oktoba. Na likitoka tena baada ya hapo, mzee, itakuwa upasuaji, na viazi utaviona kwa sahani tu."

Naftaly alihesabu miezi kwa vidole. Ndani ya kikundi hakukuwa na nafasi ya kungoja mtu. Omolo alimwahidi kumwekea yake hadi Oktoba, si zaidi, maana watu walikuwa wakirudi mmoja mmoja na kila mmoja alikuja na njaa yake.

Kwa hiyo jambo lilikuwa moja. Ama bega litakaa, ama Naftaly hana kazi.

Wiki tatu zilipita. Wangare akakata tyubu ya baiskeli, akaifunga kwenye kitasa cha mlango kama Chepkurui alivyoagiza. Naftaly alisimama hapo asubuhi na jioni, kiwiko kimebana ubavuni, akiivuta tyubu kwenda nje, kisha akageuka na kuivuta kwenda ndani. Wangare alihesabu huku akikunja nguo.

"Kumi na moja, kumi na mbili, hiyo si kumi na tatu, kiwiko kimetoka. Rudia."

"Wewe mwanamke ungekuwa mwalimu wa jela."

"Kumi na mbili, nimesema."

Nguo alizokuwa akikunja zilikuwa za mwanzo mpya. Dada yake alikuwa amemgawia pembe ya kibanda, na mwezi wa Agosti Wangare akapata robota la majaketi. Molo ni baridi, mnaijua. Majaketi mazito yale yenye sifongo ndani, yanayotoka nchi za theluji, huko hayamalizi wiki. Alikuwa akiyakung'uta moja moja alipofika kwenye jekundu ambalo mkono wake mmoja ulikuwa mgumu. Akatia mkono ndani, akavuta, akatoa kitu cha ajabu: kama nusu ya fulana, nyeusi, nene, yenye mkanda wa kuzungusha kifuani na kofia ya kufunika bega.

"Baba Abby! Njoo uone maajabu. Huyu mzungu alivua jaketi akavua na bega!"

Kwenye mfuko wa ndani kulikuwa na kadi iliyokunjwa, imejaa picha. Picha ya kwanza ilimwonyesha mtu amesimama juu ya mbao mbili nyembamba, fimbo mbili mikononi, akiteremka mlima mweupe. Naftaly aliigeuza kadi hivi na vile. Siku ya kliniki akampelekea Chepkurui, pamoja na ile nusu fulana.

Chepkurui alicheka kwa furaha. "Huu ni mkanda wa kushikilia bega. Umeupata wapi?"

"Kwenye mkono wa jaketi. Na huyu mtu wa mbao anafanya nini?"

"Anateleza kwenye theluji. Ni mchezo wao."

"Amebeba nini?"

"Habebi kitu."

"Anaenda wapi?"

"Chini. Akifika chini anapanda tena."

"Nani anamlipa?"

"Halipwi, mzee. Analipa yeye."

Naftaly alicheka hadi akashika bega. Mtu analipa ili ateleze! Yeye ameteleza bure Molo miaka kumi na minane na hakuna aliyemwambia kuna bei.

Lakini Chepkurui alikuwa ameacha kucheka, anaisoma kadi. "Sogea hapa," akasema. "Huyu anashuka mlima wa barafu, wewe unapanda ubao wa matope. Mkianguka, mnaanguka sawasawa. Tazama. Hapa anapasha mabega joto kabla ya kuanza. Wewe huwa unapasha?"

"Napasha na chai."

"Kuanzia leo unazungusha mikono kwanza. Hapa anavuta mpira, kama wako wa mlangoni. Hapa amevaa mkanda. Sasa angalia hizi mbili." Kidole chake kilitua kwenye picha iliyopigwa msalaba mwekundu, mtu akianguka mkono umenyooka na fimbo bado ameishika. Kando yake picha nyingine, mtu huyohuyo akianguka, mikono ameikunja kifuani, fimbo zinaruka hewani. "Hii ndiyo dawa. Hayo mengine yote ni msaada. Ukianguka, achilia."

"Fimbo?"

"Gunia."

Naftaly akatikisa kichwa. "Dada, Molo gunia haliachiliwi."

"Basi bega ndilo litaachilia. Chagua."

Naftaly aliulizia mkanda tu. Mkanda wenyewe ulikuwa na shida mbili: ulikuwa wa bega la kushoto, na ulikuwa mdogo, bila shaka wa mwanamke. Chepkurui akamwambia ampelekee fundi anayeshona vitu vigumu, akamwelekeza kwa mzee Gurbachan, Singasinga aliyekuwa akishona maturubai ya malori mtaa wa magereji pale Nakuru.

Mzee Gurbachan alikuwa na miaka sabini na kitu, ndevu nyeupe zilizofungwa vizuri, na cherehani iliyopiga kelele kuliko lori. Ameshona maturubai hapo tangu ujana wake, na nusu ya viazi vya Molo vimesafiri chini ya kazi ya mikono yake. Alisikiliza kisa chote akiugeuzageuza ule mkanda.

"Hii lumbesa," akasema, "si ndiyo ile gunia inavaa kilemba?"

"Ndiyo, mzee," Naftaly akasema, akikwepa kutazama kichwa cha mwenyeji wake.

"Mimi navaa kilemba miaka sitini. Hakuna mtu amenibeba nayo." Akacheka peke yake hadi akakohoa. "Toa shati."

Alimpima kwa kamba, si kwa futi. Alimzungusha kamba kifuani, kwapani, akafunga fundo kila mahali alipotaka kukumbuka. Kisha akaufumua ule mkanda mshono kwa mshono, akavilaza vipande mezani, akavigeuza upande wa kulia, na kuanza kukata vipya kwa turubai laini lililochakaa. Mahali pa kofia ya bega aliweka sifongo ya kiti cha gari. Mkanda wa kifuani ulikuwa wa gari, ule wa usalama. Kati ya kiwiko na ubavu akashona kamba fupi.

"Hii itakuzuia kuinua mkono sana na kuupeleka nyuma. Ukisahau, yenyewe inakukumbusha."

Kazi hiyo ilichukua mchana mzima, na wateja wawili walingoja. Naftaly alipouliza atamlipa nini, mzee alielekeza kidevu kwenye rafu ya juu kabisa, kulikokuwa na jora la turubai la bluu limejaa vumbi.

"Unaona ile? Miaka minne iko pale. Bega yangu pia imekataa, cherehani imekula. Siku mkono yako itafika pale na mimi sisikii 'ai', kuja unitolee. Hiyo ndiyo malipo. Lakini si leo! Leo ukijaribu nakupiga na futi."

Naftaly alirudi Molo amevaa mkanda chini ya jaketi, akijiona mtu mpya. Na hapa, wasikilizaji wangu, karibu aharibu kila kitu. Mkanda ulimshika vizuri sana, maumivu yakapungua, naye akaanza kuona tyubu ya mlangoni ni mchezo wa watoto. Siku nne hakuigusa. Siku ya tano Wangare alimkuta nyuma ya nyumba akijaribu kuinua gunia la makaa. Hakumgombeza. Alichukua simu ya jirani, akampigia Chepkurui, akampa mumewe sikioni.

Ile sauti Wangare aliisikia hata yeye aliyesimama mbali. "Mzee! Huo mkanda ni ua tu! Mbuzi unamfunza kwa mazoezi! Ukiweka ua na humlishi mbuzi, una nini?"

"Nina ua, dada."

"Haya. Rudi kwa mlango."

Akarudi kwa mlango. Septemba yote alivuta tyubu, alisukuma ukuta, alipandisha vidole ukutani kama buibui, na kila Ijumaa Wangare alichora mstari wa makaa pale vidole vilipoishia. Mistari ilipanda. Ukuta wa nyumba ile ulibaki na ngazi nyeusi ambayo hakuna aliyeifuta.

Oktoba, Omolo akampokea. Wiki mbili za kwanza Naftaly alichambua viazi na kushona magunia. Kisha akaanza magunia madogo. Kila asubuhi, kabla ya kazi, alisimama pembeni akizungusha mikono, na wenzake hawakumwachia nafasi ya kupumua.

"Niaje, ndege! Unaruka leo ama kesho?"

"Boss, ukifika Nairobi tusalimie!"

Jamleck peke yake hakumtania. Siku ya tatu alikuja akasimama kando yake, naye akazungusha mikono.

Siku ya mwisho ya mwezi lilikuja lori la broka mwenye haraka, aliyekuwa akitazama saa na mawingu kwa zamu. Kikundi kilikuwa pungufu watu wawili, na zilikuwa zimebaki lumbesa kumi.

Omolo alimwangalia Naftaly. "Utaweza moja?"

"Nitaweza."

Walimnyanyulia. Alishika sikio la gunia chini kidogo kuliko zamani, mkanda ukimzuia, akapanda. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Manyunyu yalikuwa yameanza. Hatua ya tano, katikati ya ubao, palepale, kisigino kikateleza.

Alisema hakufikiri. Lakini aliona. Aliona fimbo zikiruka hewani, na mtu mwenye jaketi jekundu amekunja mikono kifuani. Akafungua vidole.

Lumbesa ilitua chini kwa kishindo, wavu ukapasuka, na kilemba chote kikaondoka. Viazi vilishuka barabarani kama watoto wanaotoka shule, vikapita chini ya lori, vikapita kwa muuza chai, vingine vikaendelea na safari hadi mtaroni. Naftaly aliangukia matako kwenye matope, mikono kifuani.

Broka ndiye wa kwanza kupiga kelele. "Ni nini hii? Ni nini hii jamani! Nani atanunua viazi vya matope?"

Omolo hakumtazama. Alichuchumaa mbele ya Naftaly. "Bega?"

Naftaly akazungusha bega taratibu, macho amefumba. Akainua kiwiko. Akakiteremsha.

"Iko," akasema. Halafu akasema tena, kama haamini, "Omolo, iko."

Hapo ndipo kicheko kilipopasuka, kicheko cha watu ambao mwaka mzima hawakuwa na la kuchekea pamoja. "Mwaga wa pili!" mmoja alipiga kelele. "Molo ina Mwaga wawili!"

Aliyekuwa wa kwanza kuinama kuokota viazi alikuwa Jamleck. Naftaly akatambaa kwenye matope hadi alipokuwa, wakawa wanaokota kando kwa kando.

"Jamleck," akamwita kwa jina lake. Lilikuwa halijatoka mdomoni mwake kwa miaka sita. "Siku ile ulijuaje kuachilia?"

"Sikujua. Niliogopa tu."

"Mabega yako yako sawa?"

"Yako sawa. Hayajawahi kuuma."

Naftaly alikaa na kiazi mkononi. Alimtazama mtu ambaye alikuwa amefanya jambo la busara peke yake, bila kadi, bila mkanda, bila mtaalamu, na malipo yake yakawa jina la kumfuata hadi shuleni kwa mtoto.

"Ni mimi niliyekupa hilo jina."

"Najua ni wewe. Nilikusikia."

"Nisamehe. Na jina nirudishie, litanitosha mimi."

"Chukua," Jamleck akasema. "Lakini la mtoto pia uende umtolee." Jumatatu iliyofuata Naftaly alikwenda hadi lango la shule, akajitambulisha kwa wale watoto: "Mwaga ni mimi. Huyu ni mtoto wa Jamleck." Watoto walimwona kichaa, lakini walielewa.

Jioni ileile ya viazi Omolo alipigilia vipande vya gunia kwenye ubao, akanyunyiza majivu juu yake. Akatangaza kwamba mvua ikinyesha lumbesa inabebwa na watu wawili, au inavuliwa kilemba kwanza. Broka alilalamika.

"Boss, panda wewe basi," Omolo alimjibu. "Ubao ni huo."

Broka aliutazama ubao, akatazama viatu vyake, akasema basi zivuliwe kilemba.

Novemba, Naftaly alishuka Nakuru na kikapu cha viazi, vile vilivyochubuka siku ile, Wangare alikuwa amevichagua na kuviosha. Nusu aliviacha chumba cha mwisho kwenye korido. Chepkurui hakuangalia viazi, alimwambia avue shati, akambonyeza hapa na pale, akasema, "Mbuzi yuko nyumbani." Nusu alivipeleka mtaa wa magereji. Mzee Gurbachan alizima cherehani, jambo asilofanya kwa kila mtu, akakunja mikono kusikiliza. Naftaly alipanda kwenye kigoda, akanyoosha mkono wa kulia, akagusa jora la bluu, akalivuta. Vumbi la miaka minne liliwamwagikia wote wawili.

"Sikusikia 'ai'," mzee akasema.

"Hakukuwa na 'ai', mzee wangu."

Jaketi jekundu Wangare hakuliuza. Watu waliliulizia msimu wote wa baridi, akakataa, hadi Naftaly akalivaa mwenyewe ingawa lilimbana kwapani. Jumapili, mchungaji alipoacha nafasi ya shukrani, Naftaly alikuwa akisimama na kutaja watu wake: Wangare, Chepkurui, mzee Gurbachan, Omolo, Jamleck. Mwisho alimtaja mama mmoja asiyemjua hata kwa jina, aliyeanguka kwenye theluji ya mbali akavua jaketi bila kutoa kilichokuwa ndani. Aliomba bega lake la kushoto liwe limepona. Kanisa likaitikia amina, naye akakaa chini, akiwa ameinua mkono wa kulia juu kabisa.